Nanga, Tabaka na Umiliki: Uwekaji wa Vipachiko Vikubwa kwa Wahusika katika Programu za Michezo ya Kompyuta

Ikisiri

Katika michezo ya kompyuta yenye picha bapa, mhusika mmoja huundwa kwa picha kadhaa zinazochorwa pamoja: mwili, nguo, nywele, silaha au mzigo. Tatizo hujitokeza pale picha ya nyongeza inapokuwa kubwa kuliko fremu ya mwili wenyewe, kwa mfano upanga mrefu au mtumba wa kuni kichwani. Makala haya yanaeleza chanzo cha tatizo hilo na kanuni zinazolitatua, kwa kutumia mfano wa michoro huria ya Liberated Pixel Cup ya mwaka 2012. Inadaiwa kwamba makosa mengi ya uwekaji hutokana na kuchanganya maswali matatu yaliyo tofauti: picha ikae wapi, ichorwe katika tabaka gani, na iwe mali ya nani. Inaonyeshwa pia kwamba mkanganyiko huo hukuzwa na usemi wa kila siku wa Kiswahili, hususani kihusishi “juu ya”, na kwamba istilahi chache zilizoafikiwa zingeuondoa. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga mitaala, wakuzaji istilahi na wasimamizi wa hazina za michoro katika ukanda wa Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Uandishi wa programu za michezo ni mojawapo ya njia zinazowavutia vijana wengi kuingia katika taaluma ya kompyuta. Mwanafunzi huona matokeo ya kazi yake papo hapo: mhusika hutembea, huruka, hushika jembe au upanga. Hata hivyo, hatua inayoonekana kuwa ndogo, yaani kumpa mhusika kitu cha kushika, ndiyo huwakwamisha wengi. Upanga huelea juu ya kichwa badala ya kukaa mkononi. Mhusika akigeuka kushoto, upanga hubaki kulia. Akitembea, upanga hutetemeka.

Makosa hayo hayatokani na uzembe. Yanatokana na ukweli kwamba kompyuta haijui mkono ni nini wala upanga ni nini. Inachojua ni mistatili miwili ya pikseli na namba zinazotaja kila mstatili uanzie wapi. Mistatili hiyo ikiwa na ukubwa sawa, namba moja hutosha kwa yote miwili, na tatizo halionekani. Mmoja ukizidi mwingine, ile namba moja hukosa maana.

Katika makala haya, picha ndogo inayochorwa na kusogezwa kwenye skrini inaitwa spraiti. Mstatili unaobeba pozi moja la spraiti unaitwa fremu. Spraiti ya nyongeza inayochorwa pamoja na mwili wa mhusika inaitwa kipachiko, kutokana na kitenzi “pachika”. Kipachiko kikubwa ni kile ambacho fremu yake inazidi fremu ya mwili. Majira ni jozi ya namba inayotaja nafasi ya nukta kwa mlalo na kwa wima. Isipokuwa pale inapotajwa vinginevyo, majira yanahesabiwa kutoka kona ya juu kushoto ya skrini, na namba ya wima inaongezeka kuelekea chini.

2.0 Chimbuko la Tatizo

Wazo la kumuunda mhusika kwa vipande lilianza kama njia ya kukabiliana na uhaba. Mashine ya Nintendo iliyotolewa Japani mwaka 1983 kwa jina la Famicom iliweza kuchora spraiti za pikseli 8 kwa 8 au 8 kwa 16 pekee. Haikuweza kuonyesha zaidi ya spraiti 64 kwa wakati mmoja, wala zaidi ya 8 katika mstari mmoja wa mlalo. Kila spraiti ilikuwa na rangi tatu tu, mbali na sehemu zisizoonekana. Kwa hiyo mhusika yeyote mwenye umbo la kuridhisha alikuwa mkusanyiko wa vipande, na programu ilipaswa kuweka kila kipande kwa kukipima kutoka nukta moja ya rejea. Katika mchezo wa Mega Man uliotolewa na Capcom mwaka 1987, uso wa mhusika mkuu ni kipande cha pekee kilichowekwa juu ya mwili ili kupata rangi za ziada ambazo mwili peke yake haungezipata.

Uhaba huo umepita, lakini utaratibu umebaki kwa sababu nyingine: wingi wa mchanganyiko. Mchezo wenye miili 4, nguo 10 na silaha 10 ungehitaji michoro kamili 400 kama kila mchanganyiko ungechorwa upya. Kwa kutumia vipachiko, michoro 24 inatosha.

Mfano ulio wazi zaidi wa utaratibu huu ni Liberated Pixel Cup, shindano lililoandaliwa mwaka 2012 na Creative Commons, Free Software Foundation na OpenGameArt. Waandaaji walitoa kwanza mwongozo wa mtindo na michoro ya msingi, kisha wakawaalika wachoraji waongeze kazi zao kwa kufuata mwongozo huo. Vigae vya ardhi vina pikseli 32 kwa 32, na fremu ya mhusika ina pikseli 64 kwa 64. Kazi hizo zilitolewa kwa leseni huria zinazoruhusu yeyote kuzitumia na kuzibadilisha, mradi awataje waliozichora na atoe mabadiliko yake kwa masharti yaleyale. Jumuiya iliyofuata shindano iliunganisha michoro hiyo katika jedwali moja la fremu lenye safu wima 13 na safu mlalo 21, yaani pikseli 832 kwa 1344, likiwa na pozi za kutembea, kukata, kuchoma mkuki, kupiga upinde, kufanya uganga na kuanguka.

Fremu ya pikseli 64 iliutosha mwili na nguo. Haikuutosha upanga mrefu uliozungushwa, kwa kuwa ncha yake ilitoka nje ya mstatili na kukatwa. Wachoraji wakaja na suluhisho: silaha kubwa zichorwe katika fremu za pikseli 192 kwa 192, mara tatu ya fremu ya mwili kwa kila upande, huku mwili ukidhaniwa kukaa katikati kabisa ya fremu hiyo kubwa. Hapo ndipo swali la uwekaji lilipozaliwa, na ndilo linaloshughulikiwa hapa.

3.0 Kanuni ya Nanga Moja

Injini nyingi za michezo huchora picha kwa kuanzia kona yake. Mwandishi wa mchezo, kwa upande wake, hafikirii kona. Anafikiria mahali mhusika aliposimama. Kati ya fikra hizi mbili panahitajika nukta ya kuziunganisha. Nukta hiyo, iliyochaguliwa ndani ya picha na kulinganishwa na mahali mhusika aliposimama, inaitwa nanga. Kanuni ni fupi: kona ya picha ni majira ya mhusika ukiondoa majira ya nanga ndani ya picha hiyo.

Tuseme mhusika amesimama kwenye majira (400, 300), na nanga ya mwili ni katikati ya ukingo wa chini wa fremu yake, yaani (32, 64). Kona ya mwili itakuwa (400 − 32, 300 − 64), sawa na (368, 236).

Sasa upanga uliochorwa katika fremu ya 192. Kwa kuwa fremu ya mwili imo katikati ya fremu kubwa, pana pengo la pikseli (192 − 64) ÷ 2, yaani 64, kila upande. Nyayo za mhusika, ambazo katika fremu ndogo ziko (32, 64), katika fremu kubwa ziko (96, 128). Hiyo ndiyo nanga ya upanga. Kona ya upanga ni (400 − 96, 300 − 128), sawa na (304, 172). Tofauti kati ya kona mbili ni pikseli 64 kushoto na 64 juu. Tofauti hiyo inaitwa masogezo.

La kuzingatia ni kwamba nanga zote mbili zinataja mahali pamoja: palepale nyayo zinapokanyaga. Namba zake ni tofauti kwa sababu picha ni tofauti, lakini maana yake ni moja. Makosa ya kawaida hutokea pale mwandishi anapohifadhi usawa wa namba na kupoteza usawa wa maana. Jedwali la 1 linaonyesha matokeo ya njia tatu zinazotumiwa mara kwa mara kwa mfano uleule.

Jedwali la 1: Njia tatu za kulinganisha mwili na kipachiko

| Njia | Kona ya upanga | Matokeo |
|---|---|---|
| Kona ya juu kushoto kwa kona ya juu kushoto | (368, 236) | Umekosea pikseli 64 kulia na 64 chini |
| Katikati ya ukingo wa chini kwa katikati ya ukingo wa chini | (304, 108) | Umekosea pikseli 64 juu |
| Kitovu kwa kitovu | (304, 172) | Sahihi |

Njia ya pili ndiyo inayowanasa wengi, kwa sababu ni chaguo la kawaida katika baadhi ya injini. Katika RPG Maker MV, iliyotolewa mwaka 2015, spraiti ya mhusika hupewa nanga ya nusu kwa mlalo na 1 kwa wima, yaani katikati ya ukingo wa chini. Mwandishi anayenakili mpangilio huo kwa upanga wa fremu 192 atauona ukining'inia kwa kimo kizima cha mwili juu ya mahali pake. Nanga sahihi kwa wima si 1 bali ni 128 ÷ 192, yaani theluthi mbili. Tena injini hiyo humwinua mhusika kwa pikseli 6 ili asionekane amesimama ukingoni mwa kigae, isipokuwa kama jina la faili lake linaanza na alama ya mshangao. Kipachiko kisichopewa mwinuko uleule kitakaa pikseli 6 chini zaidi ya kinavyopaswa.

Upande wa mhimili nao hauna budi kuangaliwa. Katika Godot namba ya wima huongezeka kuelekea chini. Katika Unity huongezeka kuelekea juu. Masogezo yaliyo sahihi katika injini moja humpeleka upanga upande wa pili katika nyingine, ikiwa alama ya kutoa au kujumlisha haikubadilishwa. Unity pia hupima kwa vizio badala ya pikseli, na kwa mpangilio wake wa awali pikseli 100 ni kizio kimoja, hivyo pikseli 64 huandikwa 0.64.

Uchaguzi wa 192 haukuwa wa kubahatisha. Tofauti kati ya fremu mbili ikigawanyika kwa mbili bila baki, masogezo huwa namba kamili. Fremu ya 97 ingetoa masogezo ya 16.5, na nusu ya pikseli haichoreki. Injini ingelazimika kuikadiria, na picha ingefifia au kutetemeka.

4.0 Pale Kitovu Kinapohama

Jedwali la 1 linaweza kumshawishi msomaji kwamba kulinganisha vitovu kunatosha. Kunatosha tu kama fremu hazitaguswa. Katika kazi halisi huguswa, kwa sababu ya gharama ya kumbukumbu.

Fremu ya 64 kwa 64 ina pikseli 4,096. Ya 192 kwa 192 ina pikseli 36,864, mara tisa zaidi. Kwa baiti 4 kwa kila pikseli, pozi la kukata lenye fremu 6 katika pande 4 linachukua baiti 393,216 kwa mwili na baiti 3,538,944 kwa upanga. Sehemu kubwa ya baiti hizo za upanga haina mchoro wowote. Kwenye simu ya bei nafuu, ambayo ndiyo kompyuta pekee ya watu wengi katika ukanda huu, hasara hiyo si ya kupuuzwa. Kwa sababu hiyo zana za kufungasha michoro hukata kingo tupu na kubakiza mchoro wenyewe tu.

Tuseme baada ya kukatwa, upanga umebaki mstatili wa pikseli 88 kwa 40, uliokuwa ukianzia safu wima ya 70 na safu mlalo ya 90 ndani ya fremu kubwa. Mahali pake sahihi ni (304 + 70, 172 + 90), yaani (374, 262). Mwandishi anayeendelea kulinganisha vitovu atauweka kwenye (356, 248): pikseli 18 kushoto na 14 juu ya mahali pake. Kwa kuwa kila fremu hukatwa kwa kiasi tofauti, kosa hubadilika fremu kwa fremu, na ndipo upanga unapoonekana kutetemeka. Tiba yake ni kuhifadhi, pamoja na kila kipande, namba za mahali kilipokatwa. Zana nyingi hutoa namba hizo katika faili la maelezo, lakini hazina faida zisiposomwa.

Njia ya pili ni kuachana na fremu kubwa kabisa na kutumia nanga mbili za mshiko. Kila fremu ya mwili hutajiwa nukta ya mkono, na picha ya silaha hutajiwa nukta ya mpini. Kona ya silaha ni kona ya mwili, ujumlishe mkono, utoe mpini. Kwa mwili ulioanzia (368, 236), mkono ukiwa (46, 38) na mpini ukiwa (20, 84), silaha itaanzia (394, 190). Njia hii inapunguza kumbukumbu na kuruhusu silaha moja itumiwe na miili mingi. Gharama yake ni kwamba mtu anapaswa kuandika nukta ya mkono kwa kila fremu ya kila pozi, na kwamba silaha inayozungushwa ni lazima izunguke kwenye mpini wake, si kwenye kitovu cha picha.

Kugeuza picha kama katika kioo ni mtihani wa mwisho wa nanga. Picha yenye upana fulani ikigeuzwa, nukta iliyokuwa umbali fulani kutoka ukingo wa kushoto sasa iko umbali uleule kutoka ukingo wa kulia. Mkono uliokuwa 46 katika fremu ya 64 unakuwa 18. Mpini uliokuwa 20 katika picha yenye upana wa 110 unakuwa 90. Ni lazima zote mbili zibadilike pamoja. Anayegeuza picha bila kugeuza nanga huona silaha ikiruka upande wa pili wa mwili kila mhusika anapobadili mwelekeo. Fremu ya 192 yenye nanga katikati ya mlalo haina tatizo hilo, kwani nusu ya upana hubaki nusu baada ya kugeuzwa; na hiyo ni sababu mojawapo ya wachoraji wengi kuipenda licha ya uzito wake.

Mkono si nanga pekee ya mshiko. Mchoraji wa Afrika Mashariki anayetaka kuonyesha mama aliyebeba mtumba wa kuni, au kijana aliyejitwisha ndoo ya maji, anahitaji nanga ya utosini. Mtumba wenye upana wa pikseli 120 kwa mwili wa pikseli 64 ni kipachiko kikubwa kwa maana kamili ya istilahi hii, na hauwezi kuwekwa vyema kwa hazina ya michoro inayotambua mkono tu.

5.0 Tabaka

Swali la pili ni mpangilio wa kuchora. Kinachochorwa mwisho hufunika kilichochorwa mwanzo. Mhusika anayetazama chini ya skrini, akielekea kwa mtazamaji, aghalabu huwa na upanga mbele ya mwili. Anayetazama juu huwa na upanga uliofichwa na mgongo wake. Aidha katika pozi moja la kukata, upanga unaweza kuanza nyuma ya bega na kumalizia mbele ya kifua. Kwa sababu hiyo silaha kubwa za mfumo wa Liberated Pixel Cup huweza kugawanywa katika picha mbili: moja ya tabaka la nyuma na moja ya tabaka la mbele, na mwili kuchorwa katikati yake.

Ugumu huongezeka wahusika wanapokuwa wengi. Katika michezo inayotazamwa kutoka juu kwa mshazari, aliye chini zaidi kwenye skrini huhesabiwa kuwa karibu zaidi na mtazamaji, hivyo huchorwa baadaye. Injini hupanga picha kwa namba ya wima. Ikiwa namba hiyo ni ukingo wa chini wa fremu, kipachiko kikubwa huvuruga utaratibu wote. Katika mfano uliotolewa, nyayo za mwenye upanga ziko 300, lakini ukingo wa chini wa fremu ya upanga uko 172 + 192, yaani 364. Mtu mwingine aliyesimama kwenye 330 yuko mbele ya mwenye upanga. Hata hivyo injini itauchora upanga baada yake, na upanga utaonekana kupita juu ya kifua cha mtu asiyehusika. Suluhisho ni upanga kupangwa kwa namba ya nyayo za mwenyewe, 300, kana kwamba hauna fremu ya peke yake. Unity huruhusu jambo hili kwa kumwachia mwandishi achague kama picha ipangwe kwa kitovu au kwa nanga yake, na kwa kuwaunganisha mhusika na vipachiko vyake katika kundi moja la upangaji.

6.0 Umiliki

Swali la tatu halionekani kwenye skrini, ila madhara yake huonekana. Kipachiko ni mali ya mhusika. Hakina uhai wa peke yake. Nafasi yake itokane na nafasi ya mhusika katika kila fremu, isihesabiwe kivyake. Mipaka ya mgongano, yaani mstatili unaoamua kama mhusika amegonga ukuta, ibaki kuwa ya mwili. Ikipanuliwa kuufuata mstatili wa 192, mhusika atashindwa kupita mlangoni kwa sababu ya pikseli tupu zisizoonekana. Kama upanga unapaswa kumdhuru adui, upewe mipaka yake mwenyewe, inayotumika katika fremu za kukata tu.

Kinyume chake hutokea katika suala la kuonekana. Ili kuokoa nguvu za kompyuta, injini huacha kuchora picha zilizo nje ya skrini. Ikiwa kipimo kinachotumika ni fremu ya mwili, mhusika akitoka ukingoni upanga wake hutoweka ghafla, ilhali ncha yake ingali ndani ya skrini kwa pikseli kadhaa. Hapa kipimo kinachofaa ni muungano wa fremu zote. Kwa ufupi, mgongano hufuata mwili, mpangilio hufuata nyayo, na uonekanaji hufuata kilicho kikubwa zaidi. Mwandishi anayetumia mstatili mmoja kwa kazi zote tatu atakosea angalau katika moja.

7.0 Suala la Istilahi

Makosa yaliyoelezwa yana mzizi katika lugha pia. Sentensi “weka upanga juu ya mhusika” ni Kiswahili fasaha, lakini kwa mwandishi wa programu ina maana mbili zisizopatana. Yaweza kumaanisha kwamba upanga uwe mahali pa juu zaidi kwenye mhimili wa wima. Yaweza pia kumaanisha kwamba uchorwe baadaye, uufunike mwili. Ya kwanza ni swali la mahali. Ya pili ni swali la tabaka. Neno “mbele” nalo lina utata wake, kwani “mbele ya mhusika” ni upande anaoutazama, au ni upande wa mtazamaji. Mhusika anapotazama juu ya skrini, pande hizo mbili hukinzana.

Mwalimu na mwanafunzi wanaozungumza ana kwa ana huondoa utata kwa kuonyesha kwa kidole. Timu iliyo katika miji tofauti haina kidole. Katika ukanda huu, mwandishi wa programu aliyesomea Bujumbura au Bukavu kwa Kifaransa anaweza kushirikiana na aliyesomea Kampala au Nairobi kwa Kiingereza, na lugha inayowaunganisha ikawa Kiswahili. Wote wawili wanazijua dhana. Kinachokosekana ni majina ya Kiswahili yanayoeleweka kwa namna moja pande zote.

Kazi ya awali ya kukuza istilahi za kompyuta ililenga zaidi mtumiaji. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, uliwapa watumiaji menyu na maelekezo kwa Kiswahili. Mtengenezaji wa programu anahitaji tabaka jingine la istilahi, linalotaja yaliyo nyuma ya menyu. Kwa eneo linalojadiliwa, zifuatazo zinapendekezwa.

Nanga: nukta ndani ya picha inayolinganishwa na mahali mhusika aliposimama au aliposhika. Neno hili linafaa kuliko “kitovu”, kwa kuwa kitovu ni katikati, na nanga si lazima iwe katikati. Kuita nanga “kitovu” ni kuingiza kosa la sehemu ya 4.0 ndani ya istilahi yenyewe.

Egemeo: nukta ambayo picha huizunguka. Neno hili limezoeleka katika fizikia ya wenzo. Mara nyingi egemeo na nanga huwa nukta moja, lakini si daima, hivyo kila dhana ibaki na jina lake.

Masogezo: tofauti ya majira kati ya kona ya mwili na kona ya kipachiko.

Tabaka la mbele na tabaka la nyuma: mpangilio wa kuchora kwa macho ya mtazamaji. Neno “juu” lihifadhiwe kwa mhimili wa wima pekee.

Mipaka ya mgongano: mstatili unaotumika kuamua mgusano, ambao si lazima ulingane na fremu.

Istilahi hizi zimeundwa kwa maneno ambayo wazungumzaji wanayo tayari, na kila moja inazuia kosa mahususi. Hicho ndicho kigezo kinachostahili kuongoza ukuzaji wa istilahi za kiufundi: istilahi bora ni ile inayomfanya mtumiaji ashindwe kuchanganya vitu viwili vinavyopaswa kutenganishwa.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uwekaji wa vipachiko vikubwa unaonekana kuwa jambo dogo la ufundi, lakini umebeba suala pana la makubaliano. Michoro ya Liberated Pixel Cup ingali inaunganika, ingawa imechorwa na watu wengi wasiofahamiana, kwa kuwa vipimo na nafasi ya mwili viliwekwa kabla ya wachoraji kualikwa kuongeza kazi zao. Wachoraji wa ukanda huu wanaotaka kuongeza kanga, ngao, kasia na mitumba katika hazina kama hiyo, au kujenga hazina yao wenyewe, watafaidika na nidhamu hiyohiyo.

Mapendekezo matatu yanatokana na mjadala huu. Kwanza, mitaala inayofundisha uandishi wa programu kwa njia ya michezo itenge maswali ya mahali, tabaka na umiliki, na kuyafundisha kwa hesabu ndogo za majira ambazo mwanafunzi anaweza kuzifanya kwenye karatasi hata pasipo kompyuta. Pili, vyombo vya ukuzaji istilahi, vikiwemo BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vishirikishe watengenezaji wa programu kutoka nchi zinazotumia Kiingereza na zinazotumia Kifaransa wakati wa kusanifisha istilahi za eneo hili. Tatu, taasisi yoyote inayofadhili michoro huria iweke sharti kwamba kila picha iambatane na ukubwa wa fremu, majira ya nanga zake, tabaka lake na leseni yake. Picha isiyo na namba hizo inaweza kupendeza machoni, lakini kila atakayeitumia atalazimika kuzikisia upya, na wawili hawatakisia sawa.